Zimwi Aliyeundwa Awe Rafiki

Mwezi huu tunazungumzia kitabu ambacho nusura kiishie jikoni, chini ya sufuria ya maharage.

Mama mmoja tunayemfahamu alitujia Jumamosi jioni akiwa amekifunga kitabu hicho ndani ya kanga. Kaka yake alikuwa amekileta kutoka Uingereza kama zawadi kwa mpwa wake wa miaka kumi. Ulikuwa mkusanyiko wa katuni za zamani, na kwenye jalada lilisimama jitu lenye kichwa kikubwa na mwili ulioungwaungwa. "Tazameni wenzangu," alisema, "mtoto analala na kitu hiki chini ya mto. Mimi nilitaka kukichoma, ila nikasema kwanza niwaulize."

Tulimwomba atuachie kwa wiki moja. Hatukumcheka, wala ninyi msimcheke. Mama anayechungua anachosoma mwanawe anafanya kazi yake. Ila kuchungua ni kufungua kitabu na kukisoma, si kulitazama jalada tu. Basi tukakisoma, tukatafuta pia habari za watu waliochora katuni za namna hiyo. Tuliyoyapata tunawaletea, kwa maana yanatuhusu sisi akina mama kuliko tulivyodhani.

Hofu ya wazazi si ya leo

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba Waingereza wenyewe waliwahi kuwa na hofu kama ya mama huyu. Mwaka 1949 kasisi mmoja wa Kianglikana, Marcus Morris, aliyekuwa akihudumu Birkdale katika mji wa Southport, aliandika gazetini kulalamikia katuni za kutisha zilizokuwa zikiingia nchini kutoka Marekani na kufika mikononi mwa watoto. Wengi walikubaliana naye.

Kasisi Morris hakuishia kulalamika. Alishirikiana na mchoraji Frank Hampson, na mwezi Aprili mwaka 1950 wakatoa jarida la watoto lililoitwa Eagle, lenye picha nzuri za rangi na hadithi za kusisimua zisizoharibu tabia. Alielewa kwamba ukimnyang'anya mtoto kitu kibaya bila kumpa kizuri, utakuwa umemwachia mikono mitupu, na mikono mitupu haikai hivyo siku nyingi.

Hofu ya wazazi, walimu na viongozi wa dini iliendelea, hata mwaka 1955 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwalinda watoto dhidi ya machapisho yenye kuwadhuru. Lakini miaka tisa tu baadaye, katika nchi ile ile, mazimwi yakarudi kwenye magazeti ya watoto. Safari hii yalikuja kuchekesha.

Zimwi la mwanzo lilizaliwa na mama mwenye majonzi

Jitu la kwenye jalada lile lina babu yake, na babu huyo hakutoka kwenye katuni. Alitoka kwenye riwaya ya mwanamke Mwingereza, Mary Shelley, ambayo wengi wetu tumeisikia kwa jina la Frankenstein. Alianza kuiandika mwaka 1816 akiwa na umri wa miaka 18 tu, ikachapishwa mwaka 1818 bila jina lake juu ya jalada.

Mary Shelley alizaliwa mwaka 1797, na mama yake akafariki siku chache baada ya kumzaa. Mwaka 1815 yeye mwenyewe alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake, na mtoto huyo akafa akiwa bado mchanga. Mwanamke aliyekosa mama, kisha akakosa mtoto, ndiye aliyeandika habari za mtaalamu aliyeunda kiumbe kwa mikono yake, na alipokiona kimefumbua macho, akakichukia kwa sura yake na kukikimbia.

Watu wengi hudhani Frankenstein ni jina la zimwi. Sivyo. Ni jina la aliyeliunda. Zimwi lenyewe halikupewa jina. Katika riwaya hiyo kiumbe yule hakuanza na ubaya. Alitafuta watu wa kukaa nao, kila aliyemwona akamkimbia au kumpiga, na ubaya ukaja baadaye. Mwenye masikio na asikie.

Profesa Cube na rafiki wa Micky

Sasa tuje kwenye katuni. Mwezi Juni mwaka 1964 lilianza Uingereza jarida la watoto liitwalo Wham!, lililobuniwa na mchoraji Leo Baxendale. Mwezi Julai mwaka huo huo, mchoraji mwingine, Ken Reid, akaingiza humo mhusika aliyemwita Frankie Stein. Mtaona jinsi alivyolikata jina lile la kutisha vipande viwili, likawa jina la mtu wa kawaida, kama jirani yako.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mtoto aitwaye Micky. Baba yake, Profesa Cube, ni mtaalamu wa kuundaunda mambo. Anaamua kumtengenezea mwanawe rafiki. Anapatikana Frankie, mkubwa kama mlango, mwenye nguvu za kutisha na akili za mtoto mdogo. Frankie hana ubaya moyoni. Anataka kucheza na anataka kusaidia. Lakini akishika kitu kinavunjika, na akisaidia kazi nyumba inabaki magofu. Profesa anachoka, na tangu hapo wiki nyingi katuni inakuwa juu ya jambo moja: Profesa anatafuta njia ya kumwondoa Frankie duniani, na kila njia inamrudia mwenyewe. Mwisho wa ukurasa Profesa ndiye mwenye bandeji, na Frankie yuko pale pale nyumbani, hajui hata kwamba alikuwa akifukuzwa.

Tulicheka, hatuwafichi. Kisha tukanyamaza kidogo. Kwa maana aliyemtaka Frankie ni nani, kama si Profesa mwenyewe? Alimuunda kwa mkono wake. Kilichomshinda ni kwamba aliyepatikana hakufanana na yule aliyekuwa kichwani mwake.

Ken Reid alikuwa nani

Ken Reid alizaliwa Manchester mwaka 1919. Alipokuwa na miaka tisa aliugua kifua kikuu cha nyonga, akalazwa kitandani kwa miezi. Mtoto asiyeweza kukimbia na wenzake alipitisha siku zake akichora. Akina mama mliouguza watoto mnajua siku za namna hiyo zinavyokuwa ndefu, na mnajua penseli na karatasi zinaweza kuwa msaada mkubwa kama dawa.

Mwaka 1938 alianza kuchora katuni ya watoto juu ya kijitu cha hadithi kiitwacho Fudge katika gazeti la Manchester Evening News. Mwaka 1953 alianza kumchora Roger the Dodger katika jarida la Beano, mtoto mjanja wa kukwepa kazi. Mwaka 1958 akamleta Jonah, baharia mwenye mkosi ambaye kila chombo anachopanda lazima kizame. Kisha ndipo akaja Frankie.

Kuanzia mwaka 1971 alichora katuni ya Faceache, juu ya mtoto aliyeweza kukunja uso wake mpaka ukageuka kuwa wa zimwi lolote alitakalo. Mwaka 1973, katika jarida la Shiver and Shake, alichora mazimwi mengi yaliyobuniwa na watoto wenyewe. Mtoto alituma wazo lake kwa posta, naye Ken Reid akalifanya liwe picha ya ukurasa mzima. Fikirini mtoto aliyekuwa akiogopa kitu kilichojificha chini ya kitanda, sasa anakiona gazetini mchana kweupe, na kila mtu anakicheka.

Ken Reid alifariki mwezi Februari mwaka 1987, akiwa mezani pake akichora ukurasa wa Faceache.

Bibi asiyeona vizuri

Wham! ilikoma mwanzoni mwa mwaka 1968, na Frankie akapotea kwa miaka kadhaa. Alirudi mwaka 1973 katika Shiver and Shake, safari hii akichorwa na Robert Nixon, mchoraji wa kaskazini mashariki ya Uingereza aliyeishi tangu mwaka 1939 hadi 2002. Mkono wa Nixon ulikuwa laini zaidi. Frankie wake ni mviringo, mwenye tabasamu, mtu ungeweza kumkaribisha chai, mradi uweke vikombe vya bati.

Mwezi Juni mwaka 1975 likaanzishwa jarida zima la mazimwi ya kuchekesha, Monster Fun, na Frankie akapewa cheo cha mhariri wa heshima. Humo Ken Reid alimchora msichana Martha mwenye kopo la krimu ya ajabu: popote alipoipaka, mahali hapo pa mwili paligeuka kuwa pa zimwi. Tunaopenda vipodozi tulicheka kwa uchungu.

Lakini katuni ya Monster Fun iliyotugusa kuliko zote ni ya Kid Kong, nayo ni kazi ya Robert Nixon. Kid Kong ni sokwe mkubwa anayeishi na bibi kizee. Bibi huyo haoni vizuri, na kwa macho yake yale mabovu anamchukua sokwe kuwa ni mvulana. Basi anamtunza kama mvulana. Anamlisha, na anamtarajia awe na adabu kama mtoto yeyote. Naye sokwe, kwa kadiri sokwe anavyoweza, anajitahidi.

Wekeni katuni hizi mbili pamoja. Profesa Cube ana macho mazima, ana elimu, na anaona zimwi. Bibi hana macho, naye anaona mtoto. Sisi tuliokaa na vitabu hivi wiki nzima tuliulizana: katika nyumba zetu, ni macho ya nani tunayotumia?

Mikono isiyotajwa

Jambo jingine lilitugusa. Watoto waliyajua majina ya mazimwi yote, lakini wengi hawakujua hata jina moja la mchoraji. Katika majarida mengi ya Kiingereza ya miaka hiyo haikuwa desturi kumwacha mchoraji aweke sahihi yake. Wahusika walikuwa mali ya kampuni. Aliyewabuni akiondoka, mwingine alikabidhiwa kalamu, na msomaji hakuambiwa chochote.

Leo Baxendale, tuliyemtaja hapo juu, hakuridhika. Ndiye aliyewabuni katika Beano Minnie the Minx na watoto wa Bash Street. Alifungua madai dhidi ya kampuni ya D.C. Thomson, na shauri likaisha mwaka 1987 kwa makubaliano nje ya mahakama. Alifariki mwaka 2017.

Mama anayepika, kufua na kukesha na mtoto mwenye homa anaielewa habari hii bila kufafanuliwa. Kazi yake haina sahihi. Kwa hiyo tulifurahi kusikia kwamba katika miaka ya karibuni kampuni ya Rebellion ilinunua haki za nyingi ya katuni hizo, ikazichapa upya katika vitabu, na jina la Ken Reid likaandikwa wazi juu ya jalada. Monster Fun nayo ilirudishwa mwaka 2022, kwa ajili ya watoto wa kizazi kingine.

Tulichomjibu mama yule

Jumamosi iliyofuata mama alirudi. Tulimweleza hayo yote, kisha tukamuuliza swali moja: je, umewahi kumuuliza mwanao anachokipenda humo?

Hakuwa amemuuliza. Alikwenda, na baada ya siku mbili akarudi, safari hii bila kanga na bila haraka. Alikaa muda kabla ya kusema.

Mwanawe ni mkubwa kuliko umri wake. Ana miguu mirefu ambayo bado hajaizoea. Akipita sebuleni kitu kinaanguka, akitumwa mayai dukani mawili yanafika yamepasuka. Nyumbani amezoea kuitwa "zimwi". Lilianza kama mzaha wa dada zake, kisha mama naye akalichukua, hasa siku za uchovu. "Zimwi limeshavunja tena." "Mwondoeni zimwi huyo jikoni."

Alipomuuliza kuhusu kitabu, mtoto alimjibu: "Mama, huyu ni kama mimi. Anavunja vitu lakini hakusudii." Kisha akauliza swali ambalo mama yake hakuwa na jibu lake: "Hivi mwishoni baba yake anampenda?"

Mama alituuliza sisi. Tulifungua kitabu pamoja naye tukatafuta, na jibu la wazi hatukuliona. Katuni za namna hii hazina mwisho. Wiki hii Frankie anafukuzwa na anarudi. Wiki ijayo anafukuzwa tena, na anarudi tena. Ndivyo mchoraji anavyopata ukurasa wa Jumamosi nyingine. Profesa anaweza kumfukuza mara mia, kwa sababu anajua, na sisi tunajua, kwamba Frankie atakuwa mlangoni.

Mtoto wa damu na nyama hafanyi hivyo. Anarudi mara nyingi, nyingi kuliko tunavyostahili. Lakini ipo siku anazoea kukaa nje. Anapata nyumba nyingine ya kwenda, au kijiwe, au kimya tu ndani ya chumba chake, nasi tunabaki tukijiuliza mtoto wetu aliharibiwa na nani. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nasi tunaongeza kwamba mtoto uliyemwita zimwi anakujua pia. Anajua sauti yako siku ya uchovu, na anaiweka.

Ushauri wetu mwezi huu

Kuhusu katuni, shauri letu ni fupi. Kitabu chochote cha picha kikiingia nyumbani, kisome wewe kwanza, chote. Watoto walio chini ya miaka sita wasiachiwe picha za mazimwi peke yao usiku, hata yakiwa ya kuchekesha. Baadhi ya picha za Ken Reid zilitutisha hata sisi watu wazima. Kwa mkubwa, kaa naye mkisome pamoja. Angalia anacheka wapi, na angalia zaidi mahali asipocheka. Na usikichome kitabu kabla hujamuuliza kwa nini anakipenda. Jibu lake linaweza kukufundisha jambo juu ya nyumba yako ambalo jirani hatathubutu kukuambia.

Kuhusu majina, tunawaomba akina mama wenzetu mjaribu jambo moja kwa mwezi huu. Sikilizeni majina tunayowaita watoto wetu siku wanapokosea. Tuhesabu. Kisha tumwite kila mmoja kwa jina tulilomchagulia siku alipozaliwa, hasa akiwa amesimama juu ya vipande vya sahani.

Mama yule bado anahangaika. Anatuambia mazoea hayatoki kwa siku moja, na wiki iliyopita neno lilimponyoka tena, mbele ya wageni. Jioni alikwenda kwenye kitanda cha mwanawe akamwomba radhi. Mtoto hakusema kitu. Alisogea ukutani kumpisha nafasi, akatoa kitabu chini ya mto, wakasoma kurasa mbili kabla taa haijazimwa.